Chumvi ya Majivu

Tulipohamia shambani, ng'ambo ya mto, upande wa Alunguli, kwenye barabara ya Kalima, watu wa mjini walituonea wivu. Walisema uzee wetu umepata bahati: hewa safi, mihogo nyuma ya nyumba, kijito cha maji baridi. Mimi nilikuwa nimefundisha darasa la pili karibu maisha yangu yote, na mume wangu alikuwa mtu wa reli, pale stesheni ya Kindu, mpaka reli yenyewe ikamchoka. Tulivuka mto kwa mtumbwi na godoro, masufuria, mbuzi wetu na redio ya mume wangu, tukajenga nyumba ya udongo yenye baraza pana. Nilidhani tutapumzika. Kumbe mwanamume aliyezoea kazi ukimwambia apumzike, anageuka mtoto aliyefungiwa ndani na mvua. Anagusa kila kitu na kuharibu nusu yake.

Kwa hiyo tulijitafutia kazi. Yeye alisuka nyungo na vikapu, akachonga miiko mpaka nyumba ikawa na miiko mingi kuliko vitu vya kukoroga. Mimi niliingia jikoni kama mtu aliyerudishiwa shamba lake. Miaka ya kufundisha nilikuwa napika mbio mbio, jicho moja kwenye chungu na lingine kwenye madaftari ya watoto. Sasa nilikaanga karanga taratibu na kuzisaga kwa jiwe, nikatia pilipili kwenye chupa kwa mawese na maji ya limau, nikakausha uyoga juu ya paa, nikawatundika kambare juu ya moshi mpaka ngozi zao zikawa nyeusi na kung'aa. Sipendi kujisifu, lakini sombe yangu, majani ya mihogo niliyoyatwanga mwenyewe, ilikuwa inawashusha waendesha pikipiki barabarani kuuliza nani anapika.

Mume wangu ndiye alikuwa hakimu. Alikaa barazani na sahani magotini, akachukua tonge la kwanza na kutafuna macho yamefumbwa, nami nasimama mlangoni nikijifanya natafuta kitu. Alikuwa hasifu kwa maneno mengi. Akiomba sahani ya pili, nilijua nimeshinda. Asipoomba, nilinuna mpaka jioni, na yeye alifurahi kuniona nimenuna. Ndivyo tulivyoishi, na nilikuwa na furaha, nasema wazi, maana watu wa umri wetu wanaona haya kusema hivyo.

Siku moja alianguka karibu na zizi la mbuzi. Alisema ameteleza, lakini ardhi ilikuwa kavu. Tulimpeleka kituo cha afya kwa pikipiki, mimi nyuma yake nimemkumbatia kama mzigo wa mchele. Muuguzi alikuwa msichana mwenye umri wa mjukuu wangu, mwenye sauti ya upole iliyonikera tangu mwanzo. Alimfunga mkono na kile kitambaa chake cha kupimia presha, akapuliza, akasikiliza, akakunja uso.

"Muzee iko na tansio ya mukubwa sana," aliniambia mimi, si yeye. "Na mafigo inachoka. Asikule chumvi tena. Hata kidogo, mama. Wala makayabu, ile samaki ya chumvi, wala bile vidonge ya mchuzi."

Alitupatia dawa ambazo kituo kilikuwa nazo wiki ile. Wiki zilizofuata mara zilikuwapo, mara hazikuwapo. Chumvi tu ndiyo iliyokuwa mikononi mwangu.

Nikafikiri, ni kazi gani rahisi kuliko kutotia kitu kwenye chungu? Jioni ile nilipika sombe yangu na kila kilicho chake, isipokuwa chumvi. Mume wangu alichukua tonge, akatafuna, akaacha kutafuna. Alilitoa kinywani kwa adabu, akaliweka pembeni mwa sahani, akanawa mikono. Hakunigombeza. Angenigombeza ningejua la kufanya. Alinitazama kama mtu aliyesikia sauti anayoijua nyuma ya nyumba, na mimi pia niliijua.

Asiyekuwa Kindu miaka ya vita labda ataona tunajifanya. Mji ulikuwa umefungwa. Wenye bunduki wa aina moja walikuwa ndani ya mji, wenye bunduki wa aina nyingine walikuwa porini, na njia za mashambani zilikuwa katikati yao. Gari moshi lilikuwa limelala, mashua haziendi Lokandu, na kilichofika kilifika kwa ndege. Majani tuliyapata. Muhogo wa uani tuliupata, mawese siku nyingine. Chumvi haikuwapo. Sokoni waliiuza kwa kijiko kidogo, imefungwa kwenye kipande cha nailoni, na mwuzaji alisawazisha kijiko kwa kidole kisha akakiramba kidole hicho mbele yako bila haya.

Ilizuka desturi ambayo siku hizi tunaona aibu kuitaja. Ukienda kwenye matanga, unabeba chumvi yako imefungwa kwenye pembe ya kitenge. Chakula kikiletwa, wafiwa wanageuka kidogo, wanajifanya wanaangalia mlango, ili kila mtu afungue fundo lake na kutia chembe kwenye upande wake wa sinia. Kugeuka kule kulikuwa heshima: wenye nyumba hawakuona kwamba wageni wanajilisha, wageni hawakuona kwamba wenye nyumba hawana kitu. Na asiyekuwa na fundo alikula haraka, macho chini. Mimi nimekula macho chini mara nyingi.

Mama mkwe wangu alikaa nasi wakati huo. Mwanamke aliyezoea kula vizuri, binti wa watu wa pilau na vitumbua, familia ya zamani ya mji. Alivumilia chakula chapwa kwa muda. Halafu siku moja akasema ameshiba, kabla hata ya kuanza. Kesho yake akasema ameshiba tena. Alisema kwa upole, kama mgeni anayeogopa kumsumbua mwenye nyumba. Kisha akageukia ukuta, na mume wangu akakaa nyuma ya mgongo wake na bakuli mkononi, akimsihi, "Mama, kula paka kidogo," yaani kidogo tu. Hakufa kwa risasi wala kwa kuhara. Alifia mbele ya chakula chapwa, na hakuna anayewahesabu watu kama hao miongoni mwa waliouawa na vita.

Baada ya kumzika, mume wangu alijifunza kutengeneza chumvi ya majivu. Alifundishwa na bibi mmoja aliyekimbia kutoka upande wa Lokandu. Unakata matete na yale majani yanayoelea kwenye maji yaliyotulia, unayaanika, unayachoma, unatia majivu kwenye kikapu kilichotandikwa majani ya mgomba, unamwagia maji. Chini panadondoka maji ya rangi ya chai. Hayo unayachemsha mpaka sufuria ibaki na ukoko wa kijivu, unaukwangua. Ni chumvi inayochoma ulimi na ina uchungu nyuma yake, lakini ni chumvi. Majirani walikuja na vikombe vyao. Hata wanajeshi walikuja, nao hawakuwa na vikombe, walichukua sufuria. Yeye alichukua sufuria nyingine akaendelea. Hajawahi kusema neno kuhusu mama yake na chumvi ile kufika baada ya maziko. Mimi pia sijamwuliza.

Basi, hicho ndicho kilichokuwa kimekaa kwenye sahani yake barazani, miaka mingi baadaye, na mimi nilikuwa nimekipika.

Binti yetu anaishi Kalima, mume wake anachimba madini. Alinipigia simu akaniambia maneno aliyoyaokota sijui wapi. "Mama, mupatie papa kazi ya mikono. Akikaa bure atawaza paka chakula." Nikamjibu kwamba baba yake ana miiko ya kutosha mtaa mzima. Lakini nilijaribu. Nilimpa redio za majirani atengeneze, nikamwagiza kitanda cha kamba, nikampandisha kwenye paa akashona majani. Alifanya yote, taratibu, bila kunung'unika, na wakati wa kula alisema ameshiba.

Niliposikia neno lile kwa mara ya kwanza, nilimsikia mama yake. Nilijua sasa tunashindania nini. Msichana wa kituo aliogopa chumvi itamwua. Mimi niliogopa ukuta.

Nilipika kama mwendawazimu. Nilitafuta ladha kila mahali isipokuwa mahali ilipo. Limau, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili mpaka macho yangu yakavimba, ndimu iliyochomwa kwenye makaa, bamia zilizokaushwa, uyoga uliosagwa unga. Nilimpikia mchele kwa tui la nazi niliyoipata kwa shida mjini. Alionja vyote, maana alinipenda, na majibu yake yalikuwa ya adabu na ya kuua.

"Hii njo dawa ya kikohozi, mama. Lakini dawa ya muzuri."

Nilicheka, kisha nikaenda nyuma ya jiko nikalia kwa hasira. Mimi pia nilikuwa nakula chakula kile kile, kwa sababu kupika vyungu viwili na kula chenye chumvi mbele yake kulinishinda. Mashavu yake yaliingia ndani. Mkanda wa suruali aliutoboa tundu jipya, halafu akauacha, akafunga kamba.

Asubuhi moja nilimwona anapanda kutoka kijitoni na mzigo wa matete kichwani. Alikuwa amelowa mpaka kiunoni na alikuwa anapiga mluzi. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo nilipomsikia akipiga mluzi. Nilijua anachotaka kufanya, na nikamwacha, kwa sababu mtu wangu alikuwa amesimama wima na ana kazi.

Aliyaanika matete kwenye baraza, akawa anayageuza kama mtu anayelea mtoto. Alisuka kikapu kipya kwa ajili ya majivu. Watoto wa njiani walikuja kutazama matone yanavyodondoka, naye aliwaeleza kwa sauti ya mtu wa stesheni anayetangaza safari. Ukoko wa kwanza aliufunga kwenye majani, akagawa kwa majirani. Hakuna aliyeuhitaji, chumvi ya duka iko kila kibanda siku hizi, lakini walipokea kwa mikono miwili. Mwanamke jirani yetu wa karibu, mjane, aliuweka wake juu ya kabati kama kitu cha harusi.

Nikamwambia, "Muzee, tengeneza. Lakini usikule."

"Hii haiko chumvi," alisema. "Hii iko majivu. Mutoto wa dispansere alikataza chumvi. Majivu hakukataza."

"Unataka kuniletea akili ya mwanasheria."

"Mi nataka kula, mama. Njo ile tu."

Nilikaa na jambo lile siku kadhaa. Nilitaka sana liwe kweli. Mwishowe nilikwenda kituoni, nikamwuliza yule msichana, nikizunguka zunguka kama ninauliza kwa ajili ya mtu mwingine. Alinielewa mara moja. Alisema chumvi ile kwa mafigo yale ni mbaya kupita ya dukani, inaweza kusimamisha moyo. Alisema pole mama. Nilirudi kwa miguu, njia yote, nikimtukana moyoni kwa sababu hakuwa amekosea.

Nilimkuta mume wangu amekaa karibu na sufuria, kidole kimoja kinywani. Hakukificha. Nilichukua sufuria na yale mafungu yote ya majani yaliyobaki, nikayapeleka zizini, nikayamwaga juu ya jiwe bapa. Mbuzi walikuja wakisukumana, wakaramba jiwe lile mpaka likawa safi.

Alitazama mpaka walipomaliza. "Sasa mbuzi inanipita mimi," alisema, bila ukali wowote, na akaingia ndani.

Baada ya hapo hakukata matete tena, wala sikumwona na kisu cha kuchonga. Alikula vijiko viwili vitatu kunifurahisha, kama mtu anayetia saini. Nilijiambia, angalau yuko hai, nimemlinda. Nilikuwa najiambia hivyo kila nilipofunika chungu kilichobaki kimejaa.

Kiharusi kilimjia hivyo hivyo, bila chembe ya chumvi mwilini mwake. Alikuwa anaongea na binti yetu kwenye simu, nikaona simu inateleza mkononi, na upande mmoja wa uso wake unashuka. Muuguzi alikuja mwenyewe nyumbani safari hiyo. Alimwangalia kwa muda, akanishika bega.

"Ulifanya muzuri, mama. Pasipo vile, angeisha kufa zamani."

Sikujua nimshukuru au nimtimue. Mimi nilikuwa nimemwibia mtu chakula chake cha mwisho, mwaka mzima, na malipo ndiyo haya: mume aliyelala na mkono mmoja kama kitambaa, anayemwaga uji upande wa kushoto. Nilifanya yote niliyoambiwa. Haikusaidia. Sitaki mtu aje kunieleza kwamba ilisaidia kidogo.

Akili yake ilirudi vipande vipande. Asubuhi nyingine aliuliza gari moshi limefika saa ngapi. Siku nyingine alinijua vizuri na kunitania kuhusu nywele zangu. Nilijifunza kumsogeza, kumwosha, kumweka barazani na mito pande mbili ili aone barabara. Kazi za mikono sikuzikosa tena, na hakuna aliyenishauri juu yake.

Barabara nayo ilikuwa imeanza kubadilika. Zilipita pikipiki zenye magodoro. Walipita wanawake wenye masufuria kichwani, yamefungwa kwa kitenge, na watoto wasioongea. Redio ilisema vita viko mikoa ya jirani na vinasogea. Waendesha pikipiki walikuwa na habari zao za upande wa Punia, kila mmoja na yake. Binti yetu alisema Kalima ni shwari, kwa sauti niliyoijua kuwa si ya shwari. Nilitoa betri kwenye redio nikazificha kwenye kopo la unga. Mume wangu alipouliza wale watu wanakwenda wapi, nilisema wanahama kutafuta mashamba. Aliitikia kwa kichwa. Sikujua ameamini au ameona ni heshima kugeuka.

Wiki iliyopita muuguzi alipita tena. Alimpima, akakunja kitambaa chake, akaniambia huko uani, "Sasa mama, mupatie chochote anataka." Kila mwanamke wa umri wangu anajua maneno hayo yanakuja lini.

Nilikwenda kwa jirani mjane nikamwomba anirudishie lile fungu la chumvi aliloliweka juu ya kabati. Alipanda kwenye kigoda akalishusha, akapangusa vumbi kwa upande wa kanga. Majani yalikuwa yamekauka na kuwa magumu, lakini ndani chumvi ilikuwa nzima, ya kijivu, imeshikana.

Nilipika tangu asubuhi. Nilichuma majani machanga tu, nikayatwanga mpaka yakalainika kabisa, nikayachemsha muda mrefu na kitunguu na bilinganya, nikatia mawese, nikatia karanga nilizosaga upya. Kambare niliyemtia alikuwa mnene kuliko wote niliokuwa nao juu ya moshi. Nilipika mchele wetu, ule mwekundu kidogo, ukaiva punje punje. Mwishoni nilivunja ile chumvi yake kwa vidole, nikaitia kwenye chungu, nikakoroga, nikaonja. Mate yalinijaa mdomoni. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu mimi mwenyewe kuonja chakula. Nikaongeza nyingine kidogo, kwa sababu yeye alipenda iwe kali.

Nilimketisha vizuri barazani, nikamfunga taulo shingoni. Nilimlisha kwa mkono, tonge dogo, upande wa mdomo ulio mzima. Alitafuna. Nilisimama mbele yake, sikujifanya kutafuta kitu. Barabarani familia moja ilikuwa imepumzika chini ya kivuli cha mzigo wao, na mama yao alikuwa anamnyonyesha mtoto.

Alitafuna polepole sana, akilisogeza lile tonge huku na huku kwa ulimi, kama mtu anayepapasa gizani. Nilimpa la pili. Alilitafuna hivyo hivyo. Kisha alimeza, akatazama watu wa barabarani, akanitazama mimi.

"Mama," alisema taratibu, "vita imerudia?"

"Hapana, muzee. Vita haiko."

Alifikiri. Aliramba mdomo wake, upande mzima, halafu ule mwingine, akitafuta.

"Sasa chumvi iko wapi?"